Risasi, Kalibu na Maji: Historia ya Neno Moja Katika Vita vya Songea

Utangulizi

Lizaboni ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Songea, mkoani Ruvuma. Mkazi wa huko akisikia neno "risasi", jambo la kwanza kumjia akilini ni kitu kinachotoka katika bunduki. Akitaka kuitaja metali nzito, laini na ya kijivu iliyomo katika betri ya gari, hulazimika kuongeza maneno: "madini ya risasi". Hali hiyo ni ya kawaida kwa msemaji yeyote wa Kiswahili wa leo. Hata hivyo, mpangilio wa maana hizo mbili umegeuka kichwa chini. Neno hili liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambamo asili yake ni jina la metali. Kitu kinachofyatuliwa kilipata jina hilo kwa sababu kilitengenezwa kwa metali hiyo na, kwa muda mrefu, mtengenezaji wake alikuwa ni mpigaji mwenyewe au fundi wa jirani yake.

Mhadhara huu unaifuata historia ya neno hilo kwa kuihusisha na Vita vya Maji Maji, ambavyo vilifika Ungoni mwaka 1905 na kumalizikia, kwa sehemu kubwa, katika vitanzi vya Songea mwaka 1906. Hoja inayotetewa ni moja. Vita vile vilizikutanisha risasi za aina mbili: iliyosubiwa kwa mkono na iliyotoka kiwandani ikiwa imekwisha kufungwa pamoja na baruti yake. Kiswahili cha wakati ule kilikuwa na maneno ya kuzitofautisha. Baadaye tofauti hiyo ilipotea katika matumizi, na kwa kupotea kwake imekuwa rahisi kwa vizazi vilivyofuata kuwadhania wapiganaji wa Maji Maji kuwa watu walioamini jambo lisilo na msingi wowote katika maisha yao.

Msamiati wa kusubu na msamiati wa kufua

Lugha huhifadhi kumbukumbu za ufundi hata pale mafundi wenyewe wanapokuwa wamesahaulika. Ukiuchunguza msamiati wa metali katika Kiswahili, unakuta makundi mawili yanayotengana kwa asili na kwa matumizi. Kundi la kwanza ni la chuma. Chuma hufuliwa, anayekifua ni mhunzi, zana zake ni nyundo na mvukuto. Maneno haya ni ya Kibantu, na yana ndugu zake katika lugha nyingi za bara. Kundi la pili ni la metali zinazoyeyushwa na kumiminwa. Risasi husubiwa, na chombo kinachoipa umbo ni kalibu. Kitenzi "subu" kinatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kumimina, na "kalibu" pia ni la Kiarabu. Katika kundi hilohilo yamo "baruti", neno lililosambaa katika lugha za Waarabu, Waajemi na Waturuki, na "shura", jina la chumvi inayotumika kuitengeneza baruti.

Mgawanyo huu una sababu ya kiufundi. Chuma huyeyuka katika joto la nyuzi 1,538 za Selsiasi, joto ambalo tanuri la mhunzi wa kijijini halikuwa likilifikia. Kwa hiyo chuma kilipigwa nyundo kikiwa chekundu na laini, lakini hakikumiminwa. Risasi huyeyuka katika nyuzi 327 tu. Moto wa makaa ya kawaida na chungu kidogo vinatosha. Mtu asiye mhunzi aliweza kuyeyusha kipande cha risasi, kuondoa taka zinazoelea juu, kumimina kilichobaki katika kalibu, na baada ya muda mfupi kupata kitonge kilicho tayari. Ufundi huu uliambatana na bunduki yenyewe. Ulitoka pwani pamoja na bidhaa za misafara, nayo maneno yake yakapanda bara kwa njia hiyohiyo.

Hata hivyo, bunduki haikupokewa kwa maneno ya kigeni peke yake. Mtutu wake uliitwa pia "mwanzi", kwa kufananishwa na mmea ulio wazi ndani, na "kasiba", ambalo nalo asili yake katika Kiarabu ni unyasi. Sehemu inayofyatua iliitwa "mtambo", jina linalokumbusha mitego ya wawindaji. Bunduki kubwa ikaitwa "mzinga", sawa na gogo lililotobolewa la kufugia nyuki. Kwa hiyo wasemaji wa Kiswahili waliipokea silaha ngeni kwa kuiweka miongoni mwa vitu walivyokwisha kuvijua: mianzi, mitego na mizinga.

Gobori na kazi ya kushindilia

Silaha iliyoenea zaidi katika bara la kusini mwa Tanganyika kabla ya utawala wa Wajerumani ilikuwa gobori, yaani bunduki inayojazwa kwa mdomoni. Ilifika Ungoni kwa misafara iliyotoka Kilwa, ambako watumwa na pembe za ndovu vilibadilishwa kwa nguo, baruti na bunduki. Wangoni, ambao wazee wao walitoka kusini mwa Afrika katika karne ya 19, waliendelea kuutegemea mkuki, ngao na rungu kama silaha kuu za vita, lakini magobori yalikuwemo pia mikononi mwao.

Ni muhimu kuufahamu mwendo wa kazi ya gobori, kwa sababu ndani yake ndimo zimo maana za maneno yanayojadiliwa. Mpigaji alimimina baruti katika mtutu kwa kipimo alichokikadiria mwenyewe. Kisha aliingiza risasi, na mara nyingi kitambaa au nyuzi za mimea za kuibana, akashindilia kwa mdeki. Baada ya hapo aliutegea mtambo wake, ama kwa jiwe la gumegume linalotoa cheche, ama kwa fataki ndogo inayopigwa na nyundo ya bunduki. Kila mara alipofyatua, ilimbidi aanze upya. Palipokosekana risasi, vipande vya chuma vilivyofuliwa na mhunzi vilitumika badala yake, ingawa viliukwaruza mtutu na kupunguza shabaha. Askari aliyefunzwa vizuri katika majeshi ya Ulaya ya karne ya 18 aliweza kupiga mara mbili au tatu kwa dakika kwa bunduki ya namna hii, na shabaha ya kutegemeka haikuzidi sana mita 100.

Udhaifu wa gobori ulikuwa wazi kwa kila aliyelimiliki, na udhaifu mkubwa kuliko wote ulikuwa maji. Baruti nyeusi hunyonya unyevu. Ikilowa kwa mvua au umande, haishiki moto, na bunduki hugeuka kuwa fimbo nzito. Mwindaji wa gobori aliilinda baruti yake katika pembe au kibuyu kilichozibwa vizuri. Kwa hiyo, wazo la kwamba maji huishinda bunduki halikuwa geni. Lilikuwa ni jambo alilolijua kila mwindaji wakati wa masika.

Mapatano ya Brussels na bunduki za aina mbili

Wakati magobori yakiendelea kutumika Ungoni, viwanda vya Ulaya vilikuwa vimekwisha kuachana nayo. Mwaka 1871 Ujerumani ilianza kutumia bunduki ya Mauser, inayojazwa kwa nyuma ya mtutu. Risasi yake ilikuwa imefungwa pamoja na baruti na fataki ndani ya ganda moja la shaba ya manjano. Kipande kilichoruka kilikuwa risasi tupu, chenye uzito wa gramu 25 hivi. Ikumbukwe kwamba metali ilikuwa ileile ya gobori. Kilichobadilika ni mambo mengine matatu: kipimo cha baruti kilikuwa sawa katika kila ganda, ganda liliizuia baruti isipate unyevu, na mpigaji hakuhitaji tena kumimina wala kushindilia. Bunduki za namna hiyo, zilizofupishwa kidogo, ndizo walizobeba askari wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki kwa miaka mingi.

Tofauti hii ilitiwa nguvu na sheria. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na vifungu vilivyopiga marufuku kuingiza silaha na baruti katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Ruhusa iliyobaki kwa biashara na wenyeji, chini ya usimamizi wa maghala ya serikali, ilihusu bunduki za gumegume zisizochongwa mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Sababu iliyotajwa ilikuwa njema, nayo ni kuwanyima silaha wawindaji wa watumwa. Matokeo yake, hata hivyo, yalikuwa kugawa bunduki katika matabaka: bunduki ya ganda kwa mtawala na askari wake, bunduki ya kushindilia kwa mtawaliwa.

Kiswahili kiliushuhudia mgawanyo huu na kuupa majina. Kamusi ya A.C. Madan ya mwaka 1903 inazitenga bunduki kwa namna zinavyojazwa na kuwashwa. Ipo bunduki ya mrao, inayowashwa kwa utambi. Ipo bunduki ya fataki. Na ipo bunduki ya viasi, yaani ile inayojazwa kwa nyuma. Neno "kiasi" katika matumizi haya linastahili kuangaliwa kwa makini. Maana yake ya msingi ni kipimo. Ganda lenye baruti na risasi liliitwa kiasi kwa sababu lilikuwa kipimo kilichokwisha kupimwa na mtu mwingine, mahali pengine. Mwenye gobori alipima mwenyewe. Mwenye bunduki ya viasi alipimiwa kiwandani. Katika neno hilo moja mlikuwa na maelezo kamili ya tofauti ya silaha, miaka miwili tu kabla ya vita.

Songea, 1905 hadi 1906

Vita vilianza Umatumbi mwezi Julai 1905, pale mashina ya pamba ya kulazimishwa yalipong'olewa Nandete. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, aliyeyatoa maji ya dawa, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, lakini dawa yake iliendelea kusafiri na wajumbe. Ilifika Ungoni kabla ya Septemba kupita. Wajerumani walikuwa wamekwisha kujiimarisha Songea tangu mwaka 1897, na Wabenedikti walikuwa na misheni Peramiho tangu 1898. Misheni hiyo ilichomwa moto Septemba 1905.

Ahadi iliyoambatana na dawa inajulikana: risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Ahadi hii imeelezwa mara nyingi kama imani ya kishirikina iliyowapeleka watu mbele ya mizinga ya Maxim kwa upofu. Wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliokusanya masimulizi ya wazee mwaka 1968 na 1969, pamoja na kazi za G.C.K. Gwassa na John Iliffe, walikwisha kuonesha kwamba dawa ilikuwa pia chombo cha kuwaunganisha watu wa makabila mengi. Ushahidi wa msamiati unaweza kuongeza jambo moja juu ya hilo.

Kwa mtu aliyezoea kusubu risasi zake, maneno "risasi itageuka maji" hayakuwa kinyume cha maumbile. Alikuwa ameiona risasi ikigeuka kama maji kila alipoiweka motoni. Aliimimina, nayo ikatiririka. Ikapoa, nayo ikawa ngumu. Kati ya metali zote alizozigusa, hii ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na maji. Aidha, alijua kwamba maji ya kweli huiua baruti. Kwa hiyo ahadi ya dawa ilisimama juu ya mambo mawili ambayo ufundi wa gobori ulikuwa umeyathibitisha: kwamba risasi huweza kuwa kimiminika, na kwamba maji huizima bunduki. Hoja hii haidai kwamba dawa ilikuwa na nguvu hiyo, wala kwamba kila aliyeinywa aliwaza hivyo. Inadai tu kwamba lugha ya ahadi ilikuwa lugha ya watu waliozijua bunduki, na si ya watu wasiozijua.

Kosa, kama ni la kuitwa kosa, lilikuwa kuyapima magobori na viasi kwa mizani moja. Ganda la shaba halikuingiwa na unyevu wa msituni. Askari mwenye Mauser aliweza kupiga yapata mara kumi kwa dakika, na mzinga wa Maxim ulitoa risasi zaidi ya 500 kwa dakika. Mbele ya silaha hizo, mtu wa mkuki na gobori hakupata hata nafasi ya kushindilia mara ya pili. Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, washambuliaji walifyekwa kwa mizinga hiyo. Tarehe 21 Oktoba 1905 kambi ya Wangoni ilishambuliwa kwa ghafla, na kuanzia hapo wapiganaji wa Ungoni waligeukia vita vya kuvizia. Wajerumani walijibu kwa kuchoma mashamba na maghala ya chakula. Njaa ikawa silaha iliyoua wengi kuliko viasi vyote. Serikali ya Ujerumani ilikadiria vifo katika eneo lote la vita kuwa 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Tarehe 27 Februari 1906 watu zaidi ya 60, akiwamo Nkosi Mputa Gama wa Njelu, walinyongwa mjini Songea. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake, naye alinyongwa mwaka huohuo. Chabruma, nkosi wa Mshope, alivuka kwenda katika himaya ya Wareno na kuuawa huko. Mji huo una Makumbusho ya Taifa ya Maji Maji, na kila Februari kumbukumbu ya mashujaa hao hufanyika. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba msamaha mbele ya wazao wao.

Maji ya bahari, 1915

Historia ya viasi haikuishia hapo. Miaka kumi baada ya Maji Maji, jeshi lilelile lililojigamba kwa maganda yake lilikuja kujifunza udhaifu wake. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, askari wengi walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, ambayo moshi wake mzito uliwafichua kwa adui. Mwezi Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojifanya kuwa ya Denmark, ilifika Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikiwa na shehena ya bunduki mpya na risasi zake. Manowari ya Waingereza iliishambulia, na maji ya bahari yakaingia katika shehena. Bidhaa nyingi ziliokolewa, lakini risasi zilizolowa zilikataa kufyatuka.

Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi hilo, aliandika baadaye jinsi kazi ya kuziokoa ilivyofanyika. Risasi zilifunguliwa moja moja, baruti ikasafishwa, fataki zilizoharibika zikabadilishwa, kisha zikafungwa upya. Kwa miezi kadhaa askari, wanawake na kila aliyepatikana walifanya kazi hiyo huko Moshi. Kazi ya kupima, kujaza na kufunga, ambayo kiwanda kilikuwa kimemwondolea mpigaji, ilirudi katika mikono ya watu. Katika tukio hili maji yalizishinda risasi za Wajerumani kwelikweli, ingawa hayakuwa maji ya Ngarambe.

Somo lililofuata lilikuwa zito zaidi. Jeshi lisiloweza kutengeneza viasi vyake hutegemea viasi vya wengine. Mwezi Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma akiwa na uhaba mkubwa wa risasi, na tarehe 25 aliishambulia kambi ya Wareno huko Ngomano hasa ili ajipatie silaha na mahitaji. Mwenye gobori, kwa udhaifu wake wote, hakuwahi kuwa katika hali hiyo kwa namna ileile. Mradi apate kipande cha metali na baruti kidogo, kalibu yake ilimtosha.

Hatima ya maneno

Katika miaka iliyofuata, bunduki ya ganda ilienea hata haikuhitaji tena jina la kuipambanua. "Bunduki ya viasi" ilitoweka katika mazungumzo, na "kiasi" kikabaki na maana yake ya kipimo. "Gumegume" limebaki katika lugha ya mitaani kama jina la mtu asiyefaa kitu. "Risasi" likapanuka na kumeza yote: kipande kinachoruka, ganda, baruti na fataki. Sheria ya Tanzania ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inalitumia kwa upana huo. Maneno mapya yamezuka kuziba pengo, kama vile "maganda ya risasi" katika taarifa za polisi. Katika taarifa hizohizo "gobore" hutajwa bado, kwa kawaida likifuatana na maneno "lililotengenezwa kienyeji", kana kwamba asili yake ilikuwa vichaka vya wawindaji haramu tangu mwanzo.

Maana ya kwanza, ile ya metali, imesogezwa pembeni. Wahamasishaji wa afya wanaoonya juu ya rangi za nyumba zenye sumu husema "madini ya risasi" ili wasieleweke vibaya. "Kalibu" na "subu" hutajwa zaidi na sonara na fundi wa vyungu vya alumini kuliko na mwenye bunduki. Mabadiliko haya ni ya kawaida katika lugha yoyote. Lakini kila neno linapopoteza maana, kuna watu wanaopoteza utetezi wao.

Hitimisho

Mwanafunzi anayesoma leo kwamba watu wa 1905 waliamini risasi zingegeuka maji, hulisoma neno "risasi" kwa maana yake ya sasa: kitu kilichofungwa kiwandani, kisichofunguka na kisichojulikana kilivyotengenezwa. Kwa maana hiyo ahadi ya dawa inaonekana upuuzi mtupu. Akilisoma kwa maana iliyokuwapo, anaiona metali laini katika chungu juu ya makaa, ikiyeyuka, ikimiminwa na kuganda, mikononi mwa mtu aliyejua kwamba umande wa usiku mmoja huweza kuiharibu kazi yake yote. Aliyesema "maji" alikuwa akiongea na mtu huyo.

Wajibu wa uchunguzi wa lugha katika jambo hili ni wa haki kwanza, kisha wa elimu. Maghala ya kumbukumbu za Ujerumani yana hesabu za viasi vilivyotumika na watu walionyongwa. Fikra za waliokuwa upande wa pili wa mtutu hazikuandikwa kwa wingi, na kwa sehemu zimehifadhiwa katika maneno yaliyokuwa yakisemwa. Wazee wa Lizaboni na vijiji vya Ungoni, ambao bado wanayakumbuka majina ya sehemu za gobori na ya zana za mhunzi, wanayo sehemu ya kumbukumbu hiyo. Maneno hayo yakikusanywa mapema, kamusi ya Kiswahili itakuwa na ushahidi ambao vitabu vya historia haviwezi kuutoa peke yake.